Kitabu Chenye Macho Makavu

Nimeishi na baba mkwe wangu katika uwanja mmoja, hapa Mbalizi, tangu kabla mwanangu hajazaliwa. Sasa mwanangu anakwenda shule, na mimi bado sijawahi kumtazama mzee huyo usoni. Navijua viatu vyake kwa nyuma. Naijua kofia yake ya sufu inapopita juu ya ukuta wa uani. Zaidi ya yote naijua hamu yake ya karanga, kwa sababu kila kitabu alichokisoma kilinifikia kikiwa na vile viganda vyekundu katikati ya kurasa, na pale vilipojaa nilijua kwamba mzee alinogewa, akasahau hata kupangusa vidole.

Mimi ni Mhehe wa Ipogolo, kule chini ya mji wa Iringa, ambako malori ya barabara kuu hutikisa vyombo kabatini. Kwetu mkwe wa kike humpigia magoti baba wa mumewe, humnawisha mikono na kumwita baba. Hakuna aliyeniambia kwamba kwa Wanyakyusa, au niseme kwa ukoo huu wa Wanyakyusa, maana siku hizi wengi wameacha, mkwe wa kike humwogopa baba mkwe. Kumwogopa siyo kutetemeka. Ni kutokukutana. Hamkai chumba kimoja, hamsalimiani, hulitaji jina lake, na mkikaribia kugongana njiani wewe ndiye unayepinda.

Siku niliyoletwa nyumbani nilijifunga vitenge viwili, nikaingia sebuleni kwa magoti mbele ya ukoo mzima, nikanyoosha mikono yote miwili na kumsalimia kwa Kihehe, "Kamwene, baba," kwa sauti ambayo mama yangu angejivunia. Mzee aliinuka, akanigeuzia mgongo, akawa anaitazama kalenda ya mwaka uliopita iliyokuwa ukutani. Mashangazi walishika midomo. Mimi nikabaki pale na mikono yangu hewani, sijui niirudishe kwa njia gani. Mume wangu, ambaye ndiye alitakiwa kunieleza, alijitetea baadaye kwamba alidhani najua. Nikikumbuka jibu lile mpaka leo huwa namnunia upya.

Mama mkwe ndiye aliyenishika mkono akanipeleka jikoni.

"Mwanangu, usilie," aliniambia. "Hujakosea kwa ubaya. Sisi huku baba mkwe unamwogopa. Yeye akitaka kupita atakohoa. Ukisikia anakohoa, wewe jifiche. Basi. Hiyo ni heshima, siyo chuki."

Nikajifunza kikohozi. Kilikuwa kifupi na kikavu, hakikuwa na uhusiano wowote na kifua. Akitoka chumbani alikohoa, akirudi kutoka kanisani alikohoa getini, na mimi nilikuwa nikiacha sufuria, nyanya, hata mtoto, nakwenda nyuma ya mlango. Mwanzoni nilikuwa naona aibu kila kinapolia, kana kwamba kinanikumbusha siku ile ya mikono hewani. Baadaye nikakizoea.

Mzee alikuwa mwalimu hadi alipostaafu, na nyumba nzima, mkewe akiwemo, humwita Mwalimu. Sebuleni kwake kuna kabati la vitabu lenye vioo. Mimi nimezaliwa na ugonjwa wa kusoma. Mume wangu hufanya kazi Tunduma, mpakani, na huja nyumbani mwisho wa wiki; mimi hushinda kwenye duka la steshenari karibu na stendi, natoa kopi na kuchapa barua za watu, kisha narudi nyumbani kwenye jioni ndefu zenye baridi. Lile kabati lilikuwa hatua chache kutoka jikoni na sikuweza kulifikia, kwa sababu kiti cha Mwalimu kilikuwa mbele yake na Mwalimu alikuwa kwenye kiti. Siku moja nikamwambia mama mkwe, kwa kuzungukazunguka, kwamba kwetu Ipogolo nilizoea kusoma. Kesho yake nikakuta kitabu kwenye dirisha la korido.

Ndivyo tulivyoanza. Yeye akimaliza, mama mkwe anakiweka dirishani. Mimi nikimaliza, nakirudisha palepale, na siku inayofuata kuna kingine. Historia za vita, riwaya za upelelezi, na vitabu vya ufugaji wa nyuki, ingawa mzee hakuwa na mzinga hata mmoja. Alikuwa na penseli. Alipiga mstari chini ya sentensi zilizomgusa, mstari ulionyooka kama wa ubaoni, na mimi nikifika pale nilipunguza mwendo. Wakati mwingine nilikubaliana naye. Wakati mwingine nilijiuliza, sasa hapa Mwalimu kaona nini? Sikuwahi kusikia akisema neno moja kwangu, lakini nathubutu kusema kwamba katika nyumba ile hakuna mtu niliyeongea naye zaidi.

Kisha nikazaa, na mkono mmoja ukawa wa mtoto.

Wasiowahi kunyonyesha ndio hubishana sana kuhusu vitabu vya karatasi na vitabu vya kwenye simu. Wanakuja pale dukani, wanafunzi wa chuo na walimu, wanasimama kwenye kaunta wakisubiri kopi zao, huyu anasema karatasi ina harufu yake, yule anasema simu inabeba maktaba nzima. Mimi nilihamia kwenye simu kwa sababu simu inashikwa kwa mkono mmoja, inajimulikia yenyewe umeme ukikatika, na ukurasa wake haujifungi mtoto akiurukia. Hakuna falsafa hapo. Na kwenye simu kulikuwa na vitabu ambavyo kabati la Mwalimu lisingeweza kuwa navyo: riwaya za mapenzi. Nilizisoma kwa kiu. Nilikuwa nikijifunika kitenge mimi na mtoto na simu, na mama mkwe alipoingia niliizima haraka kama msichana wa shule.

Dirishani kitabu kilikaa mpaka kikashika vumbi. Mwalimu akauliza kupitia mkewe.

"Mwalimu anasema, mkwe amechoka kusoma?"

"Mwambie sijachoka, mama. Nasoma kwenye simu."

Mama mkwe alikwenda, akarudi. "Anasema sawa."

Sawa ile iliniuma. Nilijua maana yake, kwa sababu nilikuwa nimeshamsikia barazani akimwambia mgeni kwamba watu wa siku hizi wameinamia simu mpaka shingo zimepinda, na ukiwauliza wanasema wanasoma. Nilibishana naye kichwani wakati nafua nepi. Nasoma, Mwalimu, nasoma kweli! Lakini kweli ilikuwa kwamba nisingeweza kumwambia ninachokisoma, na hilo lilinifanya nijione mwongo hata pale niliposema ukweli. Nikarudi kwenye vitabu vya dirishani kwa ajili ya aibu tu, nikawa nasoma vya aina mbili: vya karatasi mchana, ili tuendelee kuongea, na vya kwenye simu kwa siri yangu. Vile vya nyuki nilivipitia juujuu.

Ni penseli iliyonionyesha kwamba mambo yameharibika. Kitabu kimoja kilikuja na mistari iliyoanza chini ya maneno, kisha ikapanda polepole hadi ikayakata katikati. Nilidhani alisinzia. Kitabu kilichofuata, mistari yote ilipita juu ya maneno yenyewe, ikayafuta, kana kwamba Mwalimu amekasirikia sentensi alizozipenda. Na viganda vya karanga vyote vilikuwa kwenye ukurasa mmoja, vimerundikana pale mwanzoni mwa kitabu. Hakuwa amesonga mbele.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Ningemwambia nani? Mkwe anayemwogopa baba mkwe hazungumzii mwili wa baba mkwe, na macho ni mwili. Mwishowe nilimwonyesha mume wangu zile kurasa, naye akampeleka mzee hospitali mjini. Walisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, watajitahidi kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilitosha kuona mlango na mtu anayeingia mlangoni. Hakikutosha kuona herufi.

Mwalimu hakulalamika. Aliendelea kukaa kwenye kiti chake kila jioni akiwa amefungua kitabu magotini, akila karanga, akigeuza kurasa kwa kadiri ya muda ambao angechukua kuzisoma. Nilikuwa namsikia kutoka jikoni: karatasi ikigeuka, kimya, karatasi ikigeuka. Nilikuwa nakata vitunguu, kwa hiyo mama mkwe hakuuliza.

Kishikwambi kilikuwa wazo langu. Mume wangu alikipata Tunduma, kilichokwisha kutumika lakini kizima, na mimi nikakiandaa kwa mapenzi yote ambayo sikuwa na namna nyingine ya kuyaonyesha. Nilijaza vita, upelelezi na nyuki. Niliweka herufi kubwa kabisa, na zilipokuwa bado hazimtoshi, nikaweka ile sauti ya kusoma, sauti ya mwanamke asiyepumua ambaye hupita kwenye nukta bila kusimama. Nilimfundisha mama mkwe, mama mkwe akamfundisha mumewe: gusa hapa chini, atasoma kuanzia alipoishia. Jioni ya kwanza nilisimama korido nikisikiliza vita vikisomwa sebuleni. Karanga zilikuwa zinamenywa haraka. Nilikwenda chumbani nikacheka peke yangu kwa furaha.

Nikakosea kwa jambo dogo kabisa. Ijumaa moja, Mwalimu alipokuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa, mama mkwe alileta kishikwambi jikoni nikichaji. Nilikuwa nasonga ugali, mikono yote miwili imeshikika, na nilikuwa nimefika mahali patamu pa riwaya yangu, ya muuza nyanya wa Ilula na dereva wa lori la mizigo. Akaunti ilikuwa yangu, vitabu vyangu vyote vilikuwa humohumo. Nikaona hakuna ubaya, acha yule mwanamke asiyepumua anisomee. Alinisomea mpaka ugali ukaiva, nikamzima dereva akiwa na ufunguo wa gesti mkononi, nikakirudisha kishikwambi kwenye mkono wa kiti. Nilidhani kila kitabu kinajikumbukia mahali pake. Kumbe kile kifaa kilikumbuka kitu kimoja tu, kitabu cha mwisho kufunguliwa.

Kesho yake mama mkwe alikwenda msibani, na mume wangu wikendi hiyo alikuwa amebaki Tunduma. Mtoto alikuwa kwa jirani. Nilikuwa peke yangu jikoni namenya ndizi nilipowasikia wageni: wazee wawili wa kanisa, wenzake Mwalimu. Nilichemsha chai, nikaiweka kwenye meza ndogo ya korido, mmoja wao akaja kuichukua kwa sababu mimi nisingeweza kuingia. Nikasikia wakimpa pole kwa macho. Nikasikia Mwalimu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayejidai kidogo, akisema, "Macho yamekwenda, lakini kusoma sijaacha. Ngojeni niwaonyeshe. Mkwe wangu amenitengenezea."

Mkwe wangu! Nilisimama na ndizi mkononi. Sikuwahi kusikia akinitaja.

Kisha yule mwanamke akaanza. "Dereva akafunga komeo akageuka akamwambia vua viatu upumzike mama nyanya usiku bado mrefu."

Nilifika kwenye pazia la sebule kabla sijajua kwamba nimetembea, nikakwama palepale. Nyuma ya pazia ndimo alimokuwa baba mkwe. Nisingeweza kuingia. Nisingeweza kumwita, kwa kuwa hata jina silitaji, na tangu siku ile ya kalenda sikuwahi kumsemesha. Na yeye, ambaye angeweza kukizima, hakuiona sehemu ya kuzimia. Nilisikia vidole vyake vikigonga kioo, tap, tap, kila mahali isipokuwa panapotakiwa. Mguso mmoja uliongeza sauti.

"Akamfungua kilemba taratibu," mwanamke alipaza, "akamwambia nywele zako zinanukia moshi na mimi tangu Tunduma nimeutamani moshi huo."

Mzee mmoja alikohoa, kikohozi cha kweli, chai imempalia. Nilijitupia kitenge kichwani hadi kikanifunika uso, nikageuka, nikaingia sebuleni kinyumenyume. Sijui nilifikiri nini. Nilidhani nikiingia kwa mgongo nitakuwa sijaingia. Nilipapasa nyuma yangu nikitafuta meza, nikashika kikombe, nikakimwaga, na wakati huohuo nikagundua kwamba kishikwambi hakikuwa mezani, kilikuwa kwenye magoti ya Mwalimu. Pale nisingeweza kupeleka mkono hata nyumba ingekuwa inaungua. Nikabaki nimesimama katikati ya sebule, nimefunikwa kama gunia la viazi, nawapa mgongo wazee watatu, chai inatiririka sakafuni, na mwanamke asiyepumua anaendelea.

Mwalimu alisema, kwa utulivu, akiongea na wageni, siyo na mimi, "Mtaniwia radhi. Hiki ndicho kitabu ninachokisoma siku hizi. Nilikichagua mwenyewe. Nataka nione kama huyu dereva atarudi."

Akakigeuza kishikwambi kifudifudi, akakiwekea mto juu, akaukalia. Sauti ikawa inanung'unika chini yake, na wageni wakaaga.

Karatasi isingefanya hivyo. Nimewaza jambo hili sana, hata pale dukani mashine ikitema kopi. Kitabu cha karatasi kingekaa kimya kwenye kwapa langu. Kingeniachia mimi kuamua nani akisome, na msomaji akifika mahali pa aibu angeshusha sauti, angeruka, angefunga. Kile kifaa nilichokuwa nimekisifia kina macho makavu. Kinasoma vita na gesti kwa sauti ileile, kwa mkwe na kwa mzee wa kanisa, na hakijui nani yuko chumbani.

Niliomba ruhusa niende Ipogolo kumsalimia mama yangu. Nilisema ana homa. Mama alikuwa mzima kabisa, anapanga nyanya alizonunua Ilula kwenye beseni, na nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mahali pa mimi kuingia kinyumenyume alinirudisha nisimulie tena. Nilikasirika, nikamwambia haichekeshi.

"Inachekesha sana," alisema. Kisha akaacha kucheka. "Sasa yeye yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mzee. Amesema kitabu ni chake, si ndiyo? Mbele ya watu wa kanisa. Halafu wewe ukafanya nini? Ukapanda basi?"

Nilichukua nyanya moja kwenye beseni, nikaanza kuipangusa.

"Umemwachia mzee kipofu aibu yote abebe peke yake," mama alisema, akaendelea kupanga nyanya. "Na homa umenipa mimi."

Jioni ile mama mkwe alipiga simu kuniuliza hali ya mgonjwa. Aliniambia Jumapili Mwalimu hakwenda kanisani, amesema baridi. Baridi gani, mtu aliyezaliwa milimani? Kuna mtu alikuwa ameshamtania pale sokoni, akimwuliza kama dereva amesharudi. Kishikwambi amekifungia kabatini. Anakaa na kile kitabu chake cha zamani, mama mkwe alisema, anakifungua tu, anageuza, anageuza.

Nilikuwa nimemrudishia mzee kusoma kwake, kisha nikamnyang'anya. Nililala nimejikunja kwenye kitanda changu cha usichana huku malori yakitikisa vyombo, na niliona aibu ya aina ambayo sikuwa naijua. Ile ya siku ya kwanza ilikuwa ya kuonekana nimekosea. Hii ilikuwa ya kukingwa na mtu nisiyeweza hata kumwambia asante.

Nilirudi Mbalizi. Nilitaka kuomba radhi, na njia ya kuombea ilikuwa moja, mama mkwe. Yeye akanitangulia.

"Mwanangu, hebu niambie wewe. Ile mashine ilisema kitu gani? Mwalimu namwuliza, hataki."

Kwa hiyo hakuwa amemwambia hata mkewe. Siri ya kwamba kitabu kilikuwa changu ilikuwa yetu wawili, watu wawili ambao hatuwezi kuzungumza. "Ilisoma vibaya tu, mama," nilisema. Radhi ikaishia kooni.

Jioni, nilipoisikia karatasi ikigeuka sebuleni, nilikiondoa kitabu cha nyuki kwenye dirisha la korido, kilichokuwa kimenisubiri tangu zamani. Nikavuta kigoda hadi kwenye pazia. Sikumwuliza mtu. Nilikifungua mwanzoni na kuanza kusoma kwa sauti, jinsi ya kuchagua mahali pa kuweka mzinga, penye maua na maji ya karibu, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka kama ya mtoto wa darasa la pili aliyeitwa mbele. Sebuleni karatasi iliacha kugeuka. Niliendelea hadi nikafika kwenye ile mistari ya penseli iliyokata maneno, na pale nikalazimika kuinamia taa ili nione kilichokuwa chini yake. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa jiko akiwa na ufagio, akanitazama, akaenda zake bila kusema kitu.

Kesho yake alinijia na ujumbe.

"Mwalimu anasema nyuki anawajua," alisema. "Anauliza, yule dereva alirudi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kusomewa na mashine lilikuwa jambo moja. Sasa nilikuwa naombwa kuyatoa yale maneno kwa kinywa changu, mimi mkwe, kwenye sikio la baba mkwe. Nilifikiria kukichapa kitabu pale dukani na kukata kurasa mbaya kwa mkasi. Nilifikiria kumwambia kimefutika. Lakini mzee alikuwa amekikiri kitabu kile mbele ya wenzake kuwa ni chake, na kama ni chake basi alikuwa na haki ya kujua mwisho wake.

Nikakaa kigodani na simu. Nilianzia mwanzo kabisa, kwa muuza nyanya kando ya barabara, abiria wakimnyooshea mikono kutoka madirishani. Mwalimu alimenya karanga. Siku zilizofuata dereva akaja, wakataniana juu ya nyanya, akamletea sabuni ya kunukia kutoka mpakani, na mimi nilisoma huku nikichungulia mbele kwa jicho moja, kwa maana kwenye simu huoni unene wa kurasa, jambo la aibu linakutokea ghafla kama mtu kwenye kona. Tukafika gesti. Komeo likafungwa. Sauti yangu ikaanza kupungua, ikapungua, ikafika mahali pa kukatika.

Sebuleni kikasikika kikohozi. Kifupi, kikavu, kilekile.

Mwili wangu uliinuka wenyewe kutaka kwenda nyuma ya mlango. Kisha nikaelewa. Hakuwa anataka kupita. Alikuwa ananipa nafasi ya kujificha. Nikatelezesha kidole, nikaruka hadi asubuhi yake, dereva akiwa ameshaondoka, nikaendelea kusoma kwa sauti kamili, na karanga zikaendelea kumenywa.

Tukaendelea kukisoma hivyo. Nilikuwa nikikaribia mahali pabaya, napunguza sauti, yeye anakohoa, mimi naruka. Wala hakukosea hata siku moja. Sokoni wameacha kumtania, au yeye ameacha kujali, na Jumapili anakwenda kanisani. Watu wa kopi wakibishana pale kaunta, siku hizi sichangii.

Jana tulikaribia mwisho. Dereva hakurudi. Muuza nyanya alizeeka palepale barabarani, na zamani alikuwa akilijua lori lile kwa taa zake, kwa mbali, kabla halijapanda mlima. Sasa macho yake yalikuwa yamechoka, hakuweza tena kutofautisha lori na lori, kwa hiyo akawa anayapungia mkono yote.

Sebuleni kikasikika kikohozi.

Nilisimama kusoma. Nilitazama mbele haraka, ukurasa ule na uliofuata. Hapakuwa na gesti, hapakuwa na mwanamume, hapakuwa na kitu ila mwanamke mzee na malori. Nikadhani karanga imempalia. Kikaja tena, na safari hii hakikuwa kikavu. Kilivunjika katikati, kikafuatiwa na pumzi ambayo mtu anajaribu kuirudisha ndani.

Niliuelekeza uso wangu ukutani kama nilivyofundishwa, ingawa pazia lilikuwa katikati yetu. Nilingoja. Kisha nikauruka ukurasa ule, ambao haukuwa na kosa lolote.